Linux ilikwama kwenye ufungashaji, na tafsiri zetu vivyo hivyo

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza majuzi kwa nini Linux, inayosifiwa mno na wanaoijua, haionekani kwenye tarakilishi za ofisi zetu. Nilimjibu kwamba pengine anayo mfukoni. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 tarakilishi 500 zenye kasi zaidi duniani, zote bila kubakisha hata moja, huendeshwa nacho. Hakuridhika. Alitaka habari za mezani, na kusema kweli hapo ana hoja. Zaidi ya miaka 30 imepita, na mezani Linux bado ni mgeni.

Wengi husema Microsoft iliwahi soko na kufunga mlango. Upo ukweli ndani ya kauli hiyo. Lakini mimi, mwanaisimu niliyehangaishwa na mashine hizi kwa miaka mingi, naamini sababu nyingine imepuuzwa. Imo katika kazi isiyopigiwa makofi na yeyote: kuzifunga programu ili zimfikie mtumiaji zikiwa kamili. Hebu tuifuate historia yenyewe.

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alipoitangaza kazi yake Agosti 1991. Alichotoa kilikuwa kiini tu, na kiini peke yake hakiandiki barua wala hakichapishi karatasi. Zana nyingi zilizohitajika zilikuwa tayari zimeandikwa na mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983 akitaka programu ziwe huru: kila mtu aweze kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. (Stallman amelazimika kueleza miaka nenda miaka rudi kwamba anazungumzia uhuru wala si bei, maana Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Angekuwa Mswahili asingepata taabu hiyo. Sisi tuna huru na tuna bure, na kila mtoto anajua tofauti yake.)

Basi ikabidi watokee watu wa kukusanya kiini na zana hizo, kuzipatanisha na kuzisambaza kama mfumo endeshi mmoja. Mkusanyo mmoja wa mwanzo, SLS, ulikuwa na hitilafu tele. Mwaka 1993 Patrick Volkerding aliurekebisha na kutoa Slackware. Mwaka huohuo kijana mwingine wa Marekani, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, akachoshwa na SLS na kuanzisha wa kwake. Aliuita Debian, kwa kuunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe.

Wazo la Debian ndilo ninalotaka tulitazame vizuri. Kila programu iwe kifurushi. Ndani ya kifurushi mna programu yenyewe, pamoja na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo haitafanya kazi. Halafu, na hili ndilo kubwa, kila kifurushi kiwe na mlezi anayejulikana, mtu au kikundi kinachopokea malalamiko na kurekebisha kasoro. Mlezi akichoka au akipotea, kifurushi hutangazwa kuwa yatima. Sitii chumvi, msomaji wangu. Ndivyo wanavyokiita wenyewe, na anayejitolea kukichukua huambiwa amekiasili.

Ilipofika 1999, Debian ilitoka na zana iitwayo APT, ambayo husoma orodha hizo na kuleta kila kitu kupitia mtandao. Ni kama kumtuma mtoto dukani mchele, naye akarudi na mchele, nazi na chumvi kwa kuwa anajua unapika wali wa nazi. Watumiaji wa Windows wakati huo walikuwa wakitafuta programu mojamoja, huku na kule.

Sasa, mbona uzuri wote huo haukuteka meza zetu? Kwanza, kila ukoo ulifunga kivyake. Red Hat walikuwa na vifurushi vya aina yao, RPM, na wengine wakaja na vyao. Mwandishi wa programu moja ndogo alitakiwa aifunge mara tano, mara kumi, au awasubiri walezi wa kila ukoo wamfungie kwa wakati wao. Mwaka 2014, katika mkutano wa Debian mjini Portland, Torvalds mwenyewe alilalamikia jambo hili. Alikuwa na programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface, na akaeleza kuwa kuwaandalia watumiaji wa Windows na wa Mac ilikuwa rahisi kuliko kuwaandalia wa Linux. Jamani, huyo ndiye mwenye nyumba! Tangu hapo zimekuja Flatpak na Snap, kila moja ikidai kuwa kifurushi cha wote, na wafuasi wake wanazozana hadi leo.

Pili, APT ilichukulia kwamba mtandao upo. Sisi hatukuwa nao wa kutosha. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na ya kujikokota. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ililijua tatizo hilo na kwa miaka kadhaa ikatuma sidii kwa posta bila malipo. Nami nilipokea yangu. Mfumo ulisimama vizuri, ukapendeza macho. Nilipotaka kuchapisha mtihani, printa ikakataa. Ilidai kifurushi ambacho hakikuwamo kwenye sidii, nacho kikadai kingine. Jioni nilirudi kwenye mashine ya zamani, na mtihani ukachapishwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Tulishangilia, tukabishana kuhusu istilahi kama kawaida yetu, Wakenya tukishikilia tarakilishi na Watanzania kompyuta. Lakini ilikuwa tafsiri ya toleo la 1.1.3. Mwaka 2005 likaja la 2.0. Kila toleo jipya huja na maneno mapya kwenye menyu, na yasiyotafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza. Kutafsiri mara moja ni mradi, na miradi huwa na wafadhili na sherehe. Kufuatilia kila toleo, mwaka baada ya mwaka, ni ulezi, na ulezi hauna mfadhili. Mabishano yetu ya istilahi yaliendelea kwenye makongamano hali ya kuwa tafsiri yenyewe inazeeka.

Kazi iliyopata walezi, kwa upande mwingine, imeishi. Orodha ya tahajia ya Kiswahili ilifungwa ikawa kifurushi, hunspell-sw, na kusafiri pamoja na LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu 2010. Nilimwonyesha mwanafunzi wangu: amri moja tu, na Kiswahili chake kikaanza kusahihishwa kwenye kipakatalishi.

Alifurahi. Akasema yuko tayari kukusanya maneno ya menyu ambayo bado ni ya Kiingereza, ayatafsiri na kuyatunza toleo kwa toleo. Kisha akaniuliza iwapo kazi hiyo itahesabiwa kama makala iliyochapishwa, kwa kuwa bila makala hatahitimu. Ilinibidi nimwambie ukweli kwamba haitahesabiwa.