Popoo, Kinywa na Protini
Ugonjwa wa kukakamaa kwa kinywa uliingia katika maandishi ya tiba ya kisasa mwaka 1952, pale mtafiti Schwartz alipoeleza hali ya wanawake watano Wahindi waliokuwa Kenya. Mgonjwa huanza kuchomwa na pilipili. Mashavu hupauka kwa ndani, utando hukaza, na mwishowe hata tonge hupita kwa taabu. Baadaye lawama iliiangukia popoo, kiungo kikuu cha tambuu. Arekolini iliyomo huchochea seli kutengeneza nyuzi za kolajeni kupita kiasi. Ripoti ya wataalamu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliyochapishwa mwaka 2004, iliitaja popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa kisababishi cha saratani.

Lililobaki gumu ni kujua kinywa kipi kitageuka na kupata saratani. Hadubini ilitegemea jicho la mtazamaji, na mabingwa wawili waliweza kutofautiana juu ya kipande kimoja. Matumaini yakahamia kwenye protini, hasa p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Katika seli zenye afya huvunjwa upesi. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi hurundikana ndani ya kiini. Kipande chembamba cha nyama ya shavu hutiwa kingamwili na kemikali ya rangi, na viini vilivyojaa p53 huonekana vya kahawia. Rangi hiyo ilisifiwa mno. Lakini baadhi ya kasoro za jeni huiondoa protini kabisa, kahawia isionekane ilhali hatari ipo. Kwa hiyo p53 husomwa pamoja na alama nyingine kama Ki-67, inayoonyesha seli zinazogawanyika, na kiwango cha kuharibika kwa seli chini ya hadubini bado ndicho kinachoongoza uamuzi wa daktari.