Kutoka Mchape hadi Dawa ya Kusafisha Damu

Katika Kiswahili kuchapa ni kupiga. Katika Kinyanja, lugha ya ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kuchapa ni kufua nguo. Atakaye kuifahamu habari ya Mchape yampasa kuanza na maana hiyo ya pili. Dawa hiyo ilitoka Nyasaland mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaenea katika Rhodesia zote mbili na Tanganyika ya kusini, na sifa yake haikuwa kuponya ugonjwa fulani, bali kumfua mtu.

Wachuuzi wake walikuwa vijana waliovaa nguo za Kizungu. Waliingia kijijini, wakawapanga watu safu, wakawapitisha mmoja mmoja mbele ya kioo. Aliyeonekana kiooni kuwa mchawi alitakiwa kutoa pembe zake za dawa, kisha akanywa maji yaliyotiwa unga mwekundu. Ilisemwa kwamba aliyekunywa akarudia uchawi angevimba na kufa. Audrey Richards, Mwingereza mchunguzi wa mila, aliyakuta mambo hayo kati ya Wabemba mwaka 1934, na alipozichungua pembe zilizotupwa akaona kwamba nyingi zilikuwa za dawa za kawaida tu. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimekunywa, tena hadharani, na jirani aliyeshukiwa jana leo alihesabiwa kuwa safi. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Mchape.

Jina hilo halikufa. Mwaka 1995 mzee Billy Goodson Chisupe, karibu na Liwonde nchini Malawi, aliwanywesha maelfu kwa maelfu dawa ya Ukimwi aliyosema ameoteshwa, na watu wakaiita mchape. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Tanzania: Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alitoa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500 huko Samunge, Loliondo. Waliokwenda walikuwa na kisukari, Ukimwi, pumu na saratani, na wako waliofia njiani na katika foleni. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Lupingu iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Ludewa, chini ya milima ya Livingstone. Kwa mtu wa huko saratani ni safari kabla ya kuwa ugonjwa: kupanda milima hadi Ludewa, kisha Njombe, kisha Makambako, na kushika barabara kuu hata Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wadachi kati ya 1895 na 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Huko hupigwa mionzi na kutiwa dawa mshipani. Nywele hupukutika, kucha huwa nyeusi, chakula hakina ladha. Arudipo kwao, uvimbe umekwisha lakini vidole vimekufa ganzi, na nguvu hazirudi. Ndugu na jamaa humwambia kwa mapenzi: ni zile sumu za hospitali, hazijatoka, tafuta dawa ya kuzisafisha.

Wazo hilo si la mashambani tu. Daktari Max Gerson, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliyefariki mwaka 1959, aliwafundisha wagonjwa wa saratani kunywa maji ya matunda na mboga na kujipiga bomba la maji ya kahawa ili ini litoe sumu. Wafuasi anao hata leo, ingawa hapana uchunguzi madhubuti uliothibitisha kwamba njia hiyo inaponya saratani.

Dawa nyingi za mshipani hutolewa na ini na figo kwa muda wa siku chache. Mionzi itokayo kwenye mashine haibaki mwilini hata saa moja. Ganzi na uchovu ni majeraha ya mishipa ya fahamu na ya nyama za mwili, wala si uchafu uliosalia, na jeraha halifuliki. (Tena vinkristini, mojawapo ya dawa zinazolaumiwa, imetolewa katika ua la asili ya Madagaska lipandwalo uani mwa nyumba nyingi za pwani: watu husafisha mti kwa mti.) Huko Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye sumu, na miaka michache baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Hata hivyo kumcheka mgonjwa wa Lupingu ni kutoielewa historia yake. Hospitali ilimwondolea uvimbe, ikampa karatasi yenye tarehe ya kurudi. Hapana aliyemtangaza mbele ya watu kwamba amekwisha kuwa mzima. Mchape ulifanya kazi hiyo kijiji kizima kikitazama. Dawa ya kusafisha damu ya siku hizi hununuliwa katika chupa kituoni mwa mabasi, hunywewa usiku peke yake, na tarehe ya karatasi ile ifikapo, daktari aulizapo mgonjwa anatumia nini tena, hujibiwa: hakuna.