Ngai-ngai: mmea wetu uliovuka bahari

Wandugu, ile ngai-ngai tunapika na samaki njo Hibiscus sabdariffa, jina Linnaeus aliandika mwaka 1753. Lakini mmea ni wa Afrika. Ulivuka bahari wakati wa biashara ya watumwa, na mpaka leo watu wa Jamaika wanakunywa maji yake mekundu kila Noeli. Sasa Ulaya wanatia maua yake katika mafuta ya ngozi, juu asidi zake zinatosha ngozi iliyokufa. Na kwetu? Bamama wanauza majani, kisha na ile feza wananunua krimu ya kujichubua yenye hidrokinoni. Ngai-ngai haifanye mtu mweupe, ni kweli. Lakini tuache mistari kidogo shambani itoe maua: tukaushe, tunywe, tuuze.