Jina Ndani ya Jina: Historia Fupi ya Moduli na Klasi katika Ruby, kwa Mfano wa Kata ya Mkonze

Katika Jiji la Dodoma, mtaa hutajwa ndani ya kata, na kata hutajwa ndani ya jiji. Kata ya Mkonze hutambuliwa kwa utaratibu huo. Ngazi hizo huwezesha jina moja kutumika mahali pengi bila mkanganyiko: kata ya Majengo iliyopo Dodoma siyo kata ya Majengo iliyopo Moshi. Insha hii inautumia utaratibu huo kufafanua namna lugha ya programu ya Ruby inavyopanga klasi ndani ya moduli. Inajenga hoja kwamba historia ya mpangilio huo ni historia ya kuzuia jibu la uongo.

Ruby iliasisiwa Japani na Yukihiro Matsumoto mwaka 1993, na toleo lake la kwanza la hadhara likatoka Desemba 1995. Katika lugha hiyo, klasi ni kiolezo cha kuundia vitu. Moduli haiundi vitu. Miongoni mwa kazi zake ni kuwa boma la majina. Klasi iliyomo ndani ya boma hufikiwa kwa nukta pacha mbili: Dodoma::Majengo na Moshi::Majengo ni klasi mbili tofauti. Kama zote zingeachwa nje ya moduli, Ruby kwa kawaida ingeichukua ya pili kuwa nyongeza ya ya kwanza, na mbinu mpya yenye jina lilelile ingechukua nafasi ya ile ya awali.

Tatizo zito zaidi lilihusu klasi zilizotumiwa kama boma. Ichukuliwe kwamba Mkonze imeandikwa kama klasi isiyo na Zahanati ndani yake, ilhali ipo Zahanati ya jumla nje. Kabla ya toleo la 2.5, ombi la Mkonze::Zahanati lilirudisha ile ya jumla, likiambatana na onyo tu. Sababu ni kwamba klasi hurithi kutoka klasi kuu ya Object, ambamo majina ya nje huhifadhiwa. Mkonze ilipokuwa moduli, ombi hilohilo lilikataliwa. Toleo la 2.5, lililotolewa tarehe 25 Desemba 2017, liliondoa tofauti hiyo: klasi nayo hukataa.

Uzito wa badiliko hilo hudhihirika katika kumbukumbu za umma. Programu inayotafuta zahanati ya Mkonze ikapewa ya jumla huweza kuhesabu dawa mahali pasipo pake bila kusimama. Kosa lililo wazi hurekebishwa. Jibu lenye sura ya usahihi huendelea kuharibu hesabu. Kwa hiyo, kabla ya badiliko hilo, kuchagua moduli badala ya klasi kuwa boma la majina hakukuwa suala la unadhifu pekee, bali kinga ya kumbukumbu zenyewe.