Msakwa na Msingiziwa: Abushiri wa Pangani, Filamu ya Carl Peters na Swali la Hatia katika Historia ya Mrima

1.0 Utangulizi



Miongoni mwa visa ambavyo watazamaji wa filamu hawavichoki ni kile cha mtu aliyesingiziwa. Mtu huyu hutuhumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, hutoroka, husakwa, na huku akisakwa hulazimika kumtafuta mkosaji halisi. Ndivyo ilivyo katika The 39 Steps ya mwaka 1935, na ndivyo ilivyo katika The Fugitive ya mwaka 1993. Wasomaji wa riwaya pendwa za Kiswahili nao wanazifahamu mbio za namna hiyo tangu siku za Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), ingawa huko shujaa aghalabu ndiye msakaji.

Kisa cha namna hii kina masharti mawili. Kwanza, mtazamaji sharti aamini kwamba msakwa hana hatia. Pili, ukweli sharti ufichuke kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Katika mhadhara huu ninakusudia kuyapima masharti hayo kwa historia ya Pangani, Tanga na Saadani kati ya mwaka 1884 na 1890, na kwa filamu moja ya Kijerumani iliyotokana na historia hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba aliyesakwa Mrima alihukumiwa kwa neno kabla ya kuhukumiwa kwa kitanzi, na kwamba filamu ilipokuja kutengenezwa, nafasi ya msingiziwa alipewa mtu mwingine kabisa.

2.0 Neno "uasi" na kazi yake

Mwezi Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walishuka Saadani, wakaingia bara hadi Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakarudi na karatasi walizoziita mikataba. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser aliipa kampuni yao hati ya ulinzi. Hata hivyo, karatasi hizo hazikugusa ukanda wa pwani, ambao ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Baada ya Sayyid Barghash kufariki mwezi Machi 1888, mrithi wake, Sayyid Khalifa, alitia saini mkataba wa tarehe 28 Aprili mwaka huo. Kampuni ilipewa kuendesha utawala na forodha za pwani kwa miaka 50, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake.

Kipengele hicho ndicho kiini cha mambo yote yaliyofuata. Mwezi Agosti 1888, wakala wa Kampuni mjini Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe pia, akamdharau liwali mbele ya watu, na akaita askari wa manowari. Kumbukumbu za wenyeji zinasimulia kuwa askari hao waliingia msikitini pamoja na mbwa, tena katika siku za Idi kubwa. Muda si mrefu Zelewski akawa amezuiliwa ndani ya nyumba yake na watu wa mji. Kuanzia Septemba moto ulienea Tanga, Saadani, Bagamoyo, Kilwa na Lindi, na kufikia mwisho wa mwaka Kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Berlin ililipa jambo hili jina: "uasi wa Waarabu". Jina hilo lilikuwa na kazi maalumu ya kufanya. Bunge la Ujerumani halikuwa na hamu ya kutoa fedha za umma kuiokoa kampuni ya biashara iliyojiharibia yenyewe. Lakini mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa akihubiri Ulaya nzima dhidi ya biashara ya watumwa, na wabunge Wakatoliki walikuwa wamemsikia. Kansela Bismarck akaliunganisha lile na hili: waliosimama Pangani wakaitwa Waarabu wauza watumwa, na kuwapiga kukaitwa kazi ya huruma. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Bunge likaidhinisha maki milioni 2, na Hermann von Wissmann akateuliwa kuongoza vita.

Tukiutazama umati wenyewe wa Pangani, jina hilo halikai. Utafiti wa Jonathon Glassman, uliochapishwa mwaka 1995, umeonesha jinsi umati huo ulivyokuwa mchanganyiko: majumbe wa Kishirazi, wapagazi na watu wa misafara kutoka bara, watumwa, na wenye mashamba waliokuwa na madeni. Wengi wao walikuwa na ugomvi na Sultani na matajiri wa mji kama walivyokuwa na ugomvi na Kampuni. Saadani aliongoza Bwana Heri bin Juma, ambaye mwaka 1882 alikuwa amekwisha kulishinda jeshi la Sultani mwenyewe. Kuwakusanya watu wote hawa katika neno "Waarabu" ni kuwafungulia mashtaka kabla ya kuwasikiliza.

3.0 Msako

Aliyebebeshwa jina la uasi wote alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa kando ya mto Pangani. Hapa inatupasa tuwe waangalifu. Abushiri hakuwa malaika. Miwa ya Pangani ililimwa na watumwa, na Abushiri alikuwa mmoja wa waliofaidika na jasho lao. Mwaka 1888 aliwakamata wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann waliokuwa wakitoka Usambara, akawaachia baada ya kulipwa fidia. Meyer huyo ndiye aliyefika kilele cha Kibo mwaka uliofuata.

Basi, je, alisingiziwa? Nadhani ndiyo, kwa maana moja iliyo wazi kisheria. Mwasi ni mtu aliyekiuka utii alioupaswa. Abushiri hakuwa na utii wowote kwa Ujerumani. Pwani ilikuwa bado mali ya Sultani; Ujerumani iliipata kwa makubaliano ya mwaka 1890, ikamlipa Sultani maki milioni 4, na dola ikaanza kutawala rasmi tarehe 1 Januari 1891. Wakati huo Abushiri alikuwa kaburini zaidi ya mwaka mzima.

Msako wenyewe ulikuwa mfupi na mkali. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann, akiwa na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri na wengine kutoka Msumbiji, aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Saadani ilishambuliwa mwezi Juni. Pangani na Tanga zilitekwa mwezi Julai. Abushiri akakimbilia bara, akashambulia kituo cha Mpwapwa, akarudi kuelekea pwani na wapiganaji walioitwa Mafiti, na mwezi Oktoba akashindwa tena. Kuanzia hapo hakuwa jemadari tena bali mtoro. Zawadi ilitangazwa kwa atakayemkamata, wafuasi wakapungua, mwisho akatiwa mikononi mwa Wajerumani na watu wa huko Uzigua alikokuwa amejificha. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani, katika mji uleule ambako mambo yalianzia. Bwana Heri, aliyepigana muda mrefu zaidi, alipokea amani mwaka 1890. Tofauti ya hatima zao inaonesha kuwa suala lilikuwa siasa na si sheria: mmoja alihitajika kama mfano, mwingine kama mshirika.

4.0 Filamu ya mwaka 1941

Tugeukie sasa sinema. Mwaka 1941, vita vikiendelea, ilitolewa Ujerumani filamu iitwayo Carl Peters, iliyoongozwa na Herbert Selpin, na Hans Albers akiwa mhusika mkuu. Ni filamu ya vituko na mapambano, lakini uti wa mgongo wake ni kisa cha msingiziwa. Peters anaoneshwa kuwa mzalendo aliyeipatia nchi yake koloni, kisha akasalitiwa na wabunge na maofisa wa Berlin, baadhi yao wakichorwa kuwa Wayahudi wenye hila kwa mujibu wa propaganda ya Kinazi.

Tukio la kweli lililo nyuma ya kisa hiki lilitokea Kilimanjaro. Peters, akiwa kamishna wa serikali huko, alimnyonga mtumishi wake aitwaye Mabruk mwaka 1891, na mwanzoni mwa mwaka 1892 akamnyonga msichana wa Kichaga aitwaye Jagodia, aliyekuwa amemweka kinyumba na ambaye alijaribu kutoroka. Mwezi Machi 1896 mbunge August Bebel alilifichua jambo hilo bungeni. Kati ya vielelezo alivyovitaja ni barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia Askofu Tucker akikiri kitendo chake. Askofu alikana kuipokea, na barua hiyo haikuthibitika kamwe kuwa ya kweli.

Hapo ndipo watetezi wa Peters walipopata mlango. Kwa kuwa barua ilikuwa ya uongo, walisema, basi mashtaka yote ni ya uongo. Lakini hitimisho hilo halifuati. Miili miwili iliyonyongwa haikuwa imezuliwa na mtu, na Peters mwenyewe hakukana kuamuru wanyongwe. Mahakama ya nidhamu ilimfukuza kazi mwaka 1897. Hakuna mahakama iliyomshtaki kwa mauaji. Mwaka 1914 Kaiser alimpa pensheni, mwaka 1937 Hitler akaifuta hukumu ilhali Peters amekwisha kufa tangu 1918, na mwaka 1941 sinema ikamaliza kazi ya kumtakasa.

Mtafiti sharti azitenganishe hali hizi mbili. Mtu anaweza kuwa na barua ya uongo katika jalada lake na bado akawa na hatia. Mwingine anaweza kuwa na makosa yake ya kweli na bado akanyongwa kwa kosa ambalo si lake. Kanuni ya filamu haizimudu hali hizo, kwa sababu inadai mtu mmoja mweupe na mmoja mweusi wa moyo, na kamera ikishamfuata mmoja kwa saa nzima, mtazamaji humhurumia huyo.

5.0 Mwalimu wa Kiswahili ndani ya filamu

Kuna jambo linaloigusa taaluma yetu moja kwa moja. Miongoni mwa waigizaji wa filamu hiyo, waliokuwamo pia wafungwa weusi wa vita kutoka jeshi la Ufaransa, alikuwamo Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe akatumikia jeshi hilo akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alihamia Berlin mwaka 1929, akawa msaidizi wa kufundishia Kiswahili katika chuo kilichokuwa kikifundisha lugha za mashariki na Afrika, na pia akaigiza katika filamu nyingi.

Mwaka huohuo wa 1941, baada ya kuigiza katika filamu ya kumsafisha Peters, Husen alikamatwa. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Wanazi waliliita kuchafua rangi. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Ndani ya ukumbi, watazamaji waliombwa wamwonee uchungu aliyenyonga kwa sababu ya mwanamke wa Kichaga. Nje ya ukumbi, mtu aliyefundisha lugha yetu alikuwa amefungwa bila kesi kwa sababu ya mwanamke wa Kijerumani.

6.0 Ushahidi wa utenzi

Je, upande wa pili ulikuwa na mahali pa kusemea? Ulikuwa nao. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hii ya Tanga, alitunga utenzi kuhusu vita hivyo akiwa jirani wa matukio. Ulichapishwa kwa juhudi za J.W.T. Allen mwaka 1955, na unajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H.

Naomba tuzingatie sarufi ya jina hilo. Hakuna "uasi" wala "Waarabu". Kuna vita, na mwenye vita ametajwa: ni Wadachi. Kuna kitenzi, "kutamalaki", yaani kutwaa mamlaka na kumiliki, ambacho kinatuambia kwamba milki hiyo kabla yake haikuwa yao. Na kuna mwaka wa Hijra, unaoyaweka matukio katika kalenda ya wenyewe. Katika jina moja tu, hati yote ya mashtaka ya Berlin imegeuzwa.

Hata hivyo, tusiufanye ushairi wetu kuwa shahidi wa upande mmoja. Diwani iitwayo Kala Shairi, iliyohaririwa na Gudrun Miehe na wenzake mwaka 2002, imekusanya tungo za Kiswahili za enzi hiyohiyo, na baadhi yake zinawasifu watawala wapya. Watu wa Mrima walikuwa na misimamo mbalimbali, na wengine waliandika kile ambacho mwenye nguvu alitaka kukisoma. Shahidi huyo naye ana haki ya kuhojiwa.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba masharti ya filamu ya msingiziwa hayatimizwi na historia yetu. Abushiri hakuwa mtu safi, na ukweli kuhusu shtaka lake haukufichuka kwa wakati. Sanamu ya Wissmann ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909. Ilipoondolewa ikapelekwa hatimaye Hamburg, mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi ndio walioiangusha mwaka 1967 na 1968. Mtaa wa Berlin uliobeba jina la Peters ulibadilishwa mwaka 2024, na sehemu yake moja sasa inaitwa kwa jina la Maji Maji. Marekebisho haya yamechukua zaidi ya karne moja, na hayajagusa bado neno lenyewe. Vitabu vingi bado vinasema "uasi wa Abushiri", kana kwamba vita vya miji yote ya pwani vilikuwa ukorofi wa mtu mmoja dhidi ya mwenye haki.

Kwa wanafunzi nina ombi moja la kazi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya hati za Kiarabu ambayo Allen alishiriki kuikusanya. Mwenye kujua kuisoma hati hiyo leo ni mmoja kati ya wengi. Ikiwa tunataka kujua watu wa Pangani walijiitaje mwaka 1888, majumbe, wapagazi na watumwa pamoja, itatubidi tujifunze hati hiyo na tuisome miswada kabla wino haujafifia. Jalada la upande wa Berlin limekwisha kusomwa mara nyingi. La kwetu bado limefungwa kwa kiasi kikubwa.