Mgao wa hisa: Mkulima wa Kitui na Makueni atawanyeje akiba yake

MKULIMA wa Kitui au Makueni hahitaji kufunzwa hatari ya kutegemea zao moja. Mvua ya Oktoba hadi Desemba inapokatika mapema, mahindi hunyauka ilhali ndengu, mbaazi na mtama huweza kumwokoa. Busara hiyo ndiyo msingi wa kuwekeza katika hisa ili kupata mgao wa faida wa kulipia karo hata mwaka wa kiangazi.

Mgao ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Si mshahara, na kampuni yaweza kuusitisha. Mnamo 2020, kutokana na janga la Covid-19, Equity iliondoa mgao wa Sh2.50 kwa kila hisa uliokuwa umependekezwa. Mwaka huo huo, Safaricom ililipa Sh1.40. Hata benki mbili hutofautiana: kwa mwaka wa 2023, KCB haikutoa mgao wowote, huku Equity ikilipa Sh4. Aliyekuwa na hisa za kampuni moja pekee huenda alirudi mikono mitupu.

Kwa hivyo, ni vyema kutawanya akiba katika sekta tofauti: benki, mawasiliano, kawi na viwanda. Chunguza mgao wa miaka mitano au zaidi, si wa mwaka mmoja. Pima pia mgao dhidi ya bei ya hisa. Hisa ya Sh20 inayolipa Sh1 humpa mwenyewe asilimia 5. Kiwango kikubwa mno chaweza kuwa ishara kwamba bei imeporomoka kwa sababu kampuni inayumba. Mumias Sugar, iliyoingia sokoni mnamo 2001, iliwekwa chini ya mrasimu mnamo 2019.

Anayetaka kuanza hufungua akaunti ya CDS kupitia dalali au benki iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Zamani ilimbidi mnunuzi kuchukua angalau hisa 100, lakini tangu Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi (NSE) huruhusu ununuzi wa hisa moja. Ili kupata mgao, sharti uwe umenunua kabla ya siku ya kufungwa kwa daftari la wenye hisa.

Mkazi wa Kenya hukatwa ushuru wa asilimia 5. Kwa mfano, Safaricom ililipa jumla ya Sh1.20 kwa mwaka uliokamilika Machi 2025. Mwenye hisa 10,000 alistahili Sh12,000, na baada ya kukatwa Sh600 akabaki na Sh11,400.

Pesa za mbegu na chakula zisipelekwe sokoni, kwa kuwa bei yaweza kushuka wakati ule ule unapozihitaji. Aidha, mjulishe mwenzi au mtoto kuhusu hisa zako. Mgao usiodaiwa kwa muda mrefu hukabidhiwa mamlaka ya serikali inayohifadhi mali isiyodaiwa.