Uzito Uko Nyuma, Kazi Iko Mbele

Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi wa saa aliyeitwa Stephan Farffler alijiundia gari. Alikuwa na miaka 22, na miguu yake haikuweza kumbeba. Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu. Mbele ya kifua chake aliweka vishikio vya kuzungusha kwa mikono, vikaendesha meno ya gia kama yale ya ndani ya saa, na gia zikazungusha gurudumu la mbele. Hakukuwa na farasi wala mtumishi wa kusukuma.

Baiskeli tunayoijua ilikuwa bado. Ile ya Karl Drais, ambayo hata pedali haikuwa nazo, ilikuja 1817. Kwa hivyo mtu akikuambia baiskeli ya mkono ni baiskeli ya kawaida iliyorekebishwa kwa huruma, mwambie ameanza kuhesabu upande usiofaa. Mtu asiyeweza kutembea alitangulia kwa zaidi ya miaka 160.

Lakini Farffler alituachia pia kichwa cha kuuma: aliweka nguvu kwenye gurudumu la mbele. Na ukiangalia, ni uamuzi wa akili. Mikono iko mbele, kwa hivyo cheni inakuwa fupi. Gurudumu linalovuta ndilo linalokata kona. Ndiyo maana hadi leo baiskeli nyingi za mkono, za msaada na za mashindano, zinavutwa na gurudumu la mbele. Shida ni kwamba mwenye baiskeli ameketi nyuma.

Hesabu yake haihitaji digrii, na mimi mwenyewe sina. Tairi inavuta kulingana na uzito unaoikandamiza chini. Tuseme mtu na baiskeli yake ni kilo 90, na gurudumu la mbele limebeba asilimia 30, yaani kilo 27. Kwenye murram yenye kokoto, tuseme kila kilo 10 za uzito zinaipa tairi nguvu ya kuvuta kilo 3. Hapo una kilo 8 hivi. Sasa kuna kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10. Kukipanda unahitaji kilo 9. Umeshakwama, na mikono yako haijachoka hata kidogo.

Halafu kilima chenyewe kinazidisha mambo. Ukiinuka, uzito unarudi nyuma. Kama kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka chini, na kati ya gurudumu la mbele na ya nyuma kuna sentimita 120, kilo 4.5 zinahama mbele kwenda nyuma. Unabaki na kilo 22.5 mbele, na nguvu ya kuvuta haifiki hata 7. Gurudumu linazungukia hapo hapo, linachimba shimo, linarusha mchanga.

Na hapo ndipo watu hutokea. Wanakuja bila kuitwa, wanashika kiti bila kuuliza, wanasukuma. Wana roho safi, si ubishi. Lakini fikiria kusema asante kwa kilima kimoja, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yako. Fikiria kuchagua kanisa, shule au kibarua kwa kuangalia njia haina mlima. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Kilo 2 zinazokosekana kwenye tairi zinaweza kuifuta haki hiyo kabla hajafika barabarani.

Katika historia, majibu yamekuwa ya aina mbili. La kwanza ni kuhamisha kazi ipelekwe uzito uliko. Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT, alikuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti vya magurudumu. Kutokana na safari hiyo ilizaliwa Leveraged Freedom Chair, kiti kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili za kusukuma kwa mikono. Ukishika nyenzo juu unapata nguvu ya mlima. Ukishika chini unapata mwendo wa lami. Cheni na gia zake ni za baiskeli ya kawaida, zile ambazo fundi yeyote wa mtaani anazijua. Na magurudumu yanayosukuma ni yale makubwa ya nyuma, chini ya mwenye kiti. Hapa Kenya, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza 1958, kilishiriki katika kazi hiyo. Waliojaribu matoleo ya mwanzo Afrika Mashariki hawakuona haya: nje liko sawa, ndani ya nyumba ni pana mno. Likarekebishwa.

Jibu la pili ni kuuleta mwili kwenye kazi. Baiskeli za mkono ziliingia Paralympics mwaka 2004 huko Athens. Mwaka 2012, kwenye michezo ya London, Alex Zanardi wa Italia alishinda dhahabu mbili katika uwanja wa Brands Hatch. Alikuwa dereva wa magari ya mbio, akapoteza miguu yote miwili katika ajali ya 2001. Zanardi hakulala chali kama wengi wanavyofanya kwenye baiskeli hizi. Alipiga magoti, kifua juu ya vishikio, na kila akisukuma, kiwiliwili kinaegemea mbele.

Si kila mtu anaweza kupiga magoti, lakini kanuni ni ile ile. Rudi kwa ule mfano wetu. Ukitoa asilimia 30 mbele ukafikisha 40, una kilo 36. Toa zile 4.5 za mlima, zinabaki 31.5, na tairi inavuta kilo 9.45. Umepanda, japo kwa shida. Kama mwenye baiskeli ni kilo 65, tofauti hiyo ni kiti kusogea mbele sentimita 17 hivi. Hiyo ni biro moja na kidogo.

Mengine ni ya kuongezea. Tairi pana yenye meno, upepo umepunguzwa kidogo, inashika vizuri zaidi, lakini ukipunguza sana rimu itakula tyubu. Gia ndogo inaokoa mabega, haiiongezei tairi mshiko. Kuzungusha taratibu bila kupiga mikono kwa ghafla kunasaidia, juu tairi huanza kuteleza pale nguvu inapokuja kwa kishindo. Na wale wanaounganisha baiskeli mbele ya kiti cha kawaida wana shida kubwa zaidi, kwa sababu kiti hicho kimeundwa uzito ukae nyuma. Wao wakirudisha ekseli ya nyuma tundu moja au mawili, uzito unahamia mbele.

Mizigo nayo ina siasa zake. Kule Busia, mpakani, watu wenye ulemavu wamefanya biashara ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za mkono kwa miongo mingi, Kenya na Uganda. Kwa hao, gunia si swali la darasani. Kama cheni yako inavuta gurudumu la mbele, gunia lililowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma linainua pua ya baiskeli. Lililowekwa miguuni linaikandamiza. Uzito ni ule ule, lakini moja linakupandisha na lingine linakuita wasukumaji.

Sasa, baiskeli nyingi za msaada hutolewa na hotuba na picha, kiti kikiwa kimechomelewa moja kwa moja. Mrefu na mfupi, wa kilo 45 na wa kilo 90, wa tambarare na wa milimani, wote wanapewa kipimo kimoja. Farffler hakuwa na shida hiyo kwa sababu aliyeunda na aliyeketi walikuwa mtu mmoja. Reli mbili chini ya kiti, mashimo machache na bolti nne si kazi ya kumshinda fundi wa jua kali. Kilichobaki ni mwenye baiskeli kuulizwa anaishi kilima gani kabla bolti hazijakazwa.